Punda Msukumaji: Nani Alimharibu?



Ndugu msomaji, mwezi huu kila mwandishi anaandika juu ya Badr na kufunguliwa Makka, na ni haki yao. Mimi nimeomba nafasi niandike juu ya punda. Usicheke kwanza.

Ramadhani iliyopita maji ya mfereji yalipotea kwetu Thika siku tatu. Siku ya tatu, kama saa kumi na moja jioni, tukaagiza mkokoteni wa punda ulete mitungi ya maji ya kupikia futari na ya udhu. Mimi nikatoka mbio kusaidia kushusha. Kijana mwenye punda alikuwa bado anamfungua kamba, na yule punda, bila hasira yoyote, akanisukuma kwa bega mpaka ukutani, kisha akaniwekea kwato juu ya kidole cha mguu. Kijana akachukua kipande cha mpira akampiga usoni mara tatu. Punda akarusha kichwa, akazidi kusukuma.

Mzee mmoja aliyekuja kufuturu kutoka Ruiru akapiga kelele: "Wewe kijana, huyo umemfunza mwenyewe!" Basi hapo ndipo mjadala ulipoanza, na haukuisha hadi adhana.

Kijana alisema hivi: punda ni punda, asante yake ni mateke, ukimwonea huruma leo kesho anakukalia. Mzee, ambaye zamani alikuwa saisi, yaani mtunza farasi, kwenye shamba moja la kahawa upande wa Ruiru, alisema mnyama anayekusukuma hakuzaliwa hivyo. Kuna mtu alirudi nyuma alipoguswa, mnyama akajua nafasi ile ni yake. Tena usoni hapapigwi. Mwalimu wangu wa madrasa naye, aliyekuwa akimenya viazi pale, akatia neno lake: hata nyinyi wawili hamjauliza kama ana kidonda chini ya hiyo mikanda.

Rai tatu kwa punda mmoja! Nikaanza kusoma, na nikakuta ubishi huu ni wa zamani sana.

Sisi tuliopita madrasa tunajua kisa cha Mama Aisha (R.A.) kilichopokewa na Imam Muslim. Alipanda ngamia mkaidi, akawa anamvuta huku na huku, na Mtume (S.A.W.) akamwelekeza kwenye upole. Huwa tunakitumia kisa kile kufundishana adabu baina ya watu, tunasahau kwamba aliyekuwa anavutwa pale ni mnyama. Na Imam Muslim huyo huyo amepokea kutoka kwa Jabir (R.A.) katazo la kumpiga mnyama usoni na kumtia chapa ya moto usoni. Kwa hiyo yule mzee hakulitoa kichwani mwake.

Waislamu waliokuja baadaye waliandika elimu nzima, furusiyya, elimu ya farasi na upandaji. Ibn Akhi Hizam, aliyewatumikia Waabbasi katika karne ya 9, aliandika moja ya vitabu vya kale zaidi vya Kiarabu vilivyobaki katika fani hiyo. Na tazama lugha yetu wenyewe. Neno "riadha" tunalolitumia kwa kukimbia linatoka kwa riyadha, na asili yake kwa Waarabu ni kumzoesha mwanafarasi. Imam Ghazali alilichukua neno hilo akalitia katika Ihya kwa maana ya kuizoesha nafsi. "Saisi" nalo lina shina moja na "siasa": kumwangalia farasi kwanza, kuangalia watu baadaye. (Wanasiasa wetu wa Kenya wangeanzia zizini tungepumzika.)

Pwani yetu farasi walikuwa wa wakubwa. Sayyid Said alipopeleka merikebu yake Sultana hadi New York mwaka 1840, chini ya nahodha Ahmad bin Naaman, zawadi za Rais Martin Van Buren zilikuwa pamoja na farasi wawili wa Kiarabu. Hebu fikiria farasi wa damu moto kama wale, baharini kwa wiki nyingi, kwenye sitaha inayoyumba. Asiyejua kusimama kwa kamba angevunja mguu wake au wa mtu. Binti wa Sayyid Said, Salme, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, aliandika kumbukumbu zake zilizochapishwa Berlin mwaka 1886, na humo anaeleza watoto wa jumba walivyofunzwa kupanda wangali wadogo, na punda weupe wa Maskati waliothaminiwa sana. Lamu hadi leo punda ndiye gari la mtaani. Watoto hukua naye vichochoroni mahali ambapo punda msukumaji hana pa kupita bila kukubana ukutani. Kliniki ya punda ilifunguliwa pale mwaka 1987, na katika sherehe za Maulidi kuna mashindano ya kupanda punda ambayo vijana wanayangojea mwaka mzima.

Huku bara mambo yalikuwa tofauti. Farasi alikufa. Kulikuwa na mbung'o, na kulikuwa na ugonjwa wa farasi wa Afrika, ambao huenezwa na visubi wadogo wanaouma usiku. Ndiyo maana mizigo ilibebwa na vichwa vya watu, na Wamaasai walihama na punda, ambaye ugonjwa ule haumwezi sana. Punda milia naye hauhisi kabisa, basi watu wakapata wazo: kwa nini tusimfunze huyu? Nairobi ya mwanzo ilikuwa na Daktari Rosendo Ribeiro, Mgoa, aliyekwenda kuwaona wagonjwa wake juu ya punda milia. Picha yake ipo. Lakini mmoja kufugika si sawa na jamii yote kufugika. Farasi na punda wana maelfu ya miaka ya kuchaguliwa wapole wazaliane, na punda milia hana. Akishtuka anauma na haachii. Wazo likafa.

Reli ya Thika ilifika mwaka 1913, na karibu na wakati huo wazazi wa Elspeth Huxley walikuja kulima kahawa hapa. Kitabu chake cha mwaka 1959 kuhusu utoto wake Thika kinaanza na safari ya gari la ng'ombe, na ndani yake yumo farasi mdogo aitwaye Moyale, wa kutoka Uhabeshi. Kabla yao, Mei 1909, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alikuwa mgeni wa McMillan kwenye shamba la Juja, yule McMillan aliyezikwa Kilimambogo. Wote hawa wameandikwa. Walioamka alfajiri kusugua farasi, kuwapa maji na kuwafunza kutoa mguu na kusimama, hao masaisi wetu, wengi hata majina hayakuhifadhiwa. Mimi naona hii ni dhulma ya kalamu. Ustadi ulikuwa mikononi mwao.

Wazungu nao walikuwa wanabishana wao kwa wao. Mwaka 1858 Mmarekani John Rarey, akiwa Uingereza, alimtuliza Cruiser, dume lililokuwa likifungwa chuma mdomoni kwa ukali, na akajaribu pia punda milia wa bustani ya wanyama ya London. Njia yake ilikuwa kufunga mguu mmoja wa mbele, kumchosha hadi alale chini, kisha kumpapasa mwili mzima. Wako waliomwona mtu wa huruma kwa sababu hakutumia kiboko. Kwangu mimi, mnyama aliyelazwa chini kwa kamba hajakubali, amekata tamaa.

Sasa turudi kwa yule punda wetu. Mzee alieleza adabu za kamba, yaani zile za kabla hujapanda wala hujafunga mkokoteni: asimame akiambiwa, atembee ubavuni pako bila kukupita, arudi nyuma ukimgusa kifua. Siri yote, alisema, ni wakati wa kuachia. Unagusa kidogo, unangoja, akitoa hata nusu hatua unaachia papo hapo. Ukiendelea kusukuma baada ya yeye kukubali, umemwambia kukubali hakuna faida, na ana kilo nyingi kukushinda. Farasi akiogopa hukimbia, punda husimama kama mti. Sisi tunakuita kule kusimama ukaidi, tunampiga, naye anazidi kuogopa.

Kijana hakukubali yote, na nadhani alikuwa na hoja. "Mzee, wewe ulikuwa na farasi wa mzungu, na siku nzima. Mimi nina mitungi ishirini na jua linazama." Alinunua punda yule mkubwa tayari, kwa bei ya kuumiza. Hapo historia ya karibuni inaingia. Tangu mwaka 2016 vichinjio vya punda vilifunguliwa Kenya, kwa ajili ya ngozi za kupelekwa China, na wizi wa punda ukaenea. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8, ile ya 2019 takriban milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji Februari 2020, mahakama ikaiondoa marufuku hiyo Mei 2021, kisha Februari 2024 Umoja wa Afrika ukakubaliana kuzuia biashara ya ngozi barani kote. Aliyeibiwa punda wake aliyemlea tangu mdogo hununua wa sokoni, asiyejua kapigwa na nani wala amefunzwa nini. Huwezi kumhubiria subira mtu kama huyo bila kumhesabia hasara yake.

Mwalimu alipoinua mikanda tukakuta kidonda kweli, ukubwa wa kiganja, pale mti wa mkokoteni unapogusa bega. Ndilo bega alilonisukumia. Kijana alinyamaza. Akasema alidhani ni nywele zimenyonyoka tu.

Adhana ikaadhiniwa, tukala tende, tukaswali. Tulipotoka mzee alikuwa ameshika kamba, anamgusa kifua kwa vidole viwili, anaachia. Ilichukua muda mrefu kuliko nilivyotegemea, watu wakachoka kutazama. Punda akarudi hatua moja. Kijana akaomba kamba ajaribu, akashindwa mara mbili.

Juzi nimemwona kule Makongeni, gunia kuukuu limekunjwa chini ya mkanda, punda amesimama anangoja mitungi ishushwe. Nilimsalimia kijana kwa mbali. Ukucha wangu bado haujaota vizuri.