Hasheem Thabeet na chuo cha Connecticut: "kukomiti" ni nini hasa, na kijana wa Kyela ajue nini

 

Juzi nilikuwa kafe hapa Kyela mjini, akaja dogo mmoja wa kidato cha tatu na karatasi mkononi. Dogo ni mrefu kweli, mlangoni aliingia ameinama. Karatasi ni barua pepe aliyoiprinti. Inasema amechaguliwa na chuo kimoja Marekani kucheza mpira wa kikapu, atume dola 150 za fomu kabla ya Ijumaa. Akaniambia, "Kaka, nataka niache shule nishughulikie hii. Kwani Hasheem si alienda kwa urefu tu?"

Nikamwambia asitume hata senti tano mpaka tuongee vizuri. Baadaye nikaona bora niandike, maana najua yeye si wa kwanza na hatakuwa wa mwisho. Kwa hiyo hii hapa, kuanzia mwanzo. Ukiisoma mprintie na mdogo wako.

HASHEEM ALIENDAJE?

Hasheem Thabeet alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1987. Hakuzaliwa na mpira wa kikapu mkononi. Alianza kuucheza akiwa na miaka kama 15 hivi, wakati anasoma Makongo Sekondari pale Dar. Urefu anao, tena si mchezo: futi 7 na inchi 3, yaani zaidi kidogo ya mita 2.2.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapokosea hadithi. Wanadhani alitoka Makongo moja kwa moja hadi kwenye matelevisheni. Hapana. Alipofika Marekani alirudi darasani, shule ya sekondari kama wewe. Alipita shule zaidi ya moja, mwisho akatulia Cypress Christian School, jijini Houston, Texas. Huko alisoma masomo ya kule, kwa Kiingereza cha kule, huku makocha wa vyuo wakija kumtazama.

Akiwa hapo ndipo alipokubali kujiunga na Chuo Kikuu cha Connecticut, ambacho wenyewe wanakiita UConn, chini ya kocha Jim Calhoun. Alianza chuo mwaka 2006. Hakikuwa chuo cha kubahatisha: Calhoun alikuwa ameshatwaa nacho ubingwa wa taifa wa vyuo mwaka 1999 na 2004.

"KUKOMITI" MAANA YAKE NINI?

Kule Marekani, mwanafunzi wa sekondari mwenye kipaji anaweza kufuatwa na vyuo vingi kwa wakati mmoja. Siku akisema hadharani "mimi nakwenda chuo fulani", wanasema amekomiti. Wenye sherehe kubwa zaidi ni wale wa futiboli ya Kimarekani, hasa yule mchezaji anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi, kwotabeki. Dogo anakaa mezani, mbele yake kofia za vyuo vitatu vinne, wazazi pembeni, kamera zinamulika. Akivaa kofia moja, ukumbi unalipuka.

Lakini wadau, shikeni hili: neno la mdomo halimfungi mtu. Kijana anaweza kubadili mawazo kesho yake, na kocha naye anaweza kumpa nafasi mtu mwingine. Ni kama posa, ndoa bado. Kinachohesabika ni karatasi yenye sahihi inayosema chuo kitamlipia nini.

Enzi za Hasheem karatasi ya kujifunga na chuo ilikuwa na jina lake, National Letter of Intent, ambayo ilianza mwaka 1964 na kufutwa Oktoba 2024. Siku hizi mchezaji anasaini mkataba wa ufadhili na chuo chenyewe. Ufadhili kamili unalipa ada, chumba, chakula na vitabu. Na jambo ambalo wengi hawalijui: wakati Hasheem anaingia chuo, ufadhili wa wanamichezo ulitolewa kwa mwaka mmoja mmoja, halafu unahuishwa. Maana yake kila mwaka unaweza kuambiwa kwaheri. Vyuo viliruhusiwa tena kutoa ufadhili wa miaka mingi kuanzia 2012.

CHUONI ALIFANYA NINI?

Mwaka wa kwanza alikuwa bado anajifunza: wastani wa pointi 6.2 kwa mechi. Mwaka wa pili zikafika 10.5. Mwaka wa tatu, msimu wa 2008/09, akapata pointi 13.6, akadaka mipira 10.8 inayorudi kutoka golini, na kuzuia mitupo 4.2 kwa mechi. Soma hizo namba taratibu. Huyo ni mtu aliyekuwa anafundishika, kila mwaka anapanda ngazi. Alichaguliwa mlinzi bora wa ligi ya Big East mara mbili mfululizo, 2008 na 2009. Mwaka huo wa 2009 UConn ilifika nusu fainali ya taifa, ikafungwa na Michigan State 82 kwa 73.

Juni 2009 akachaguliwa wa pili katika drafti nzima ya NBA, na Memphis Grizzlies. Mbele yake alikuwa Blake Griffin tu. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Mtanzania wa kwanza kucheza NBA!

Tuseme na upande wa pili, maana sifa tupu haisaidii mtu. NBA haikumwendea vizuri. Februari 2010 Memphis ilimpeleka kwa muda timu ya ligi ya chini. Baadaye akapita Houston, Portland na Oklahoma City, na hadi 2014 NBA ikawa imekwisha kwake. Chuo alikiacha baada ya miaka mitatu kati ya minne. Simlaumu hata kidogo, nafasi ya namba mbili duniani nani angeiacha? Ila inaonyesha kwamba hata mwenye urefu ule, mpira una siku zake.

Na kabla yake walikuwepo wengine. Mwanariadha wetu Suleiman Nyambui alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas kule El Paso, na mwaka 1980 akaleta medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Olimpiki ya Moscow. Kwa hiyo njia ya chuo si ya warefu peke yao.

MASHARTI YENYEWE

Michezo ya vyuo vingi vikubwa inasimamiwa na chama kinaitwa NCAA. Kina madaraja matatu, na usichanganye na divisheni wani ya NECTA. Daraja la kwanza na la pili yanatoa ufadhili wa michezo. La tatu halitoi, japo linaweza kusaidia kwa njia nyingine kama una uhitaji au maksi nzuri.

Kucheza daraja la kwanza lazima:

1. Uwe umemaliza sekondari na una cheti. Matokeo yako yanapitiwa na ofisi ya NCAA yenyewe.
2. Uwe na masomo 16 ya msingi: Kiingereza, hesabu, sayansi, masomo ya jamii na kadhalika, kwa wastani usiopungua 2.3 kati ya 4.
3. Usikae mtaani muda mrefu. Ukimaliza shule ukapoteza miaka huku unacheza ligi za mtaani, inaweza kukatwa kwenye miaka yako ya kucheza chuo.
4. Kiingereza. NCAA iliacha kudai mtihani wa SAT mwaka 2023, lakini chuo chenyewe kinaweza kukudai mtihani wa Kiingereza kabla ya kukupokea.

Hapo urefu umetajwa wapi? Haumo. Urefu unamfanya kocha ageuze shingo. Cheti ndicho kinachomruhusu akuchukue.

Halafu kuna viza. Chuo kikikupokea kinakutumia fomu ya I-20, ndiyo unaendea nayo ubalozini Dar. Na hapa hali imebadilika: Desemba 2025 Marekani iliiweka Tanzania kwenye orodha ya nchi zenye vizuizi vya viza, zikiwemo za wanafunzi. Majirani zetu wa ng'ambo ya Mto Songwe, Malawi, nao wamo. Kwa hiyo anayekuambia leo "viza niachie mimi", mwulize mara mbili.

Mtasikia pia kwamba wachezaji wa vyuo sasa wanalipwa. Ni kweli: tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kupata mshiko kwa matangazo ya jina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaruhusiwa kuwagawia mapato. Lakini mwenye viza ya mwanafunzi amebanwa sana kufanya kazi akiwa kule, kwa hiyo usipige hesabu za pesa hizo kabla hujafika.

UTAJUAJE NI MATAPELI?

Hapa naongea kwa uchungu. Nilipomaliza kidato cha nne na mimi nililetewa barua kama ya dogo. Nilikuwa nacheza kwenye uwanja wa vumbi wa shule, ule ambao Aprili unageuka bwawa, na nilijiona Hasheem mdogo. "Wakala" akasema lete pesa ya usajili. Mama akauza magunia mawili ya mpunga, mpunga wetu wa chakula. Nikatuma. Simu ikapokelewa siku mbili, ya tatu haipatikani mpaka leo. Mwaka ule nyumbani tulikula ndizi mpaka watoto wakazichukia, na Mama hajawahi kunitamkia neno. Bora angenigombeza.

Kwa hiyo angalia haya:

- Chuo kinachokutaka kwa ufadhili hakikuuzii nafasi. Ada za kweli zipo, za viza kwa mfano, lakini zinalipwa kwenye mfumo rasmi, si kwa namba ya simu ya mtu.
- Barua ya chuo inatoka kwenye anwani ya chuo, ambayo kwa Marekani kwa kawaida inaishia na .edu. Ya dogo ilitoka kwenye anwani ya bure.
- Kocha wa kweli anaomba video zako na matokeo yako ya shule. Kama hajawahi kukuona ukicheza, amekuchagua kwa lipi?
- "Kabla ya Ijumaa" ni mtego. Wanakuharakisha usipate muda wa kuuliza.
- Tovuti za vyuo ziko wazi, na kocha wa kikapu ametajwa humo. Mwandikie mwenyewe. Ni dakika kumi za kafe.

Jana nilikaa na yule dogo tukafungua tovuti ya chuo kilichotajwa kwenye karatasi yake. Chuo kipo kweli. Kocha aliyesaini barua hayupo. Dogo alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza, "Kwa hiyo hesabu ndiyo lazima?" Nikamwambia lazima. Ana D ya hesabu. Tumekubaliana Jumamosi anakuja na daftari, na mpira tutaupiga baada ya hapo kama uwanja umekauka.

Mzazi unayesoma hapa, ukiletewa karatasi ya namna hii usiuze kakao wala mpunga kabla hujamwonyesha mwalimu. Na wewe mdau uliyewahi kulizwa kama mimi, usione aibu kusema. Aibu yetu ndiyo mtaji wao.