Maua ya Joy na Bally

Ukitaja jina la Joy Adamson popote Kenya, utaulizwa habari za simba. Simba huyo, Elsa, ameshika nafasi yote tangu kitabu cha Joy juu yake kilipotoka mwaka 1960. Mimi nilifundisha biolojia hadi nilipostaafu, na kwangu huyu mama ni mchoraji kwanza. Tena ni mchoraji aliyekomaa ndani ya ndoa ambayo siku hizi haitajwi sana: ndoa yake na Peter Bally, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi.

Walikutana melini mwaka 1937. Joy alizaliwa Troppau, mji uliokuwa chini ya Austria na sasa uko Jamhuri ya Cheki, akaitwa Friederike. Alikuwa anakuja Kenya kutafuta mahali pa kuhamia na mumewe wa kwanza, Myahudi, maana Unazi ulikuwa unawakaribia. Huko baharini akampenda Bally, na ni Bally aliyembandika jina la Joy. Mwaka 1938 wakaoana, na Bally akawa mtaalamu wa mimea wa Coryndon Museum, jumba ambalo leo ni Makumbusho ya Taifa ya Nairobi. Mwaka huohuo makumbusho yalipeleka msafara kwenye vilima vya Chyulu, kati ya Tsavo na Amboseli, na wote wawili walikuwamo. Mume alikusanya mimea. Mke akaanza kuichora kwa rangi za maji.

Asiyewahi kukausha mmea anaweza kudhani picha zile zilikuwa pambo tu. Mkusanyaji huulaza mmea katikati ya karatasi, akaugandamiza, akabadilisha karatasi kila zinapolowa, mpaka ukauke kabisa. Mmea wa namna hiyo hudumu karne nzima, lakini rangi ya ua hupotea. Buluu nyingi huishia kuwa kahawia. Na Bally alipenda hasa mimea minene yenye maji shinani na majanini, ya jamii ya mishubiri na mitupa. Ukiigandamiza hiyo unabaki na kitu bapa kisichofanana hata kidogo na ulichokata porini. Kwa hiyo picha ilikuwa nusu ya ushahidi. Yule aliyechora aliifanyia sayansi kazi ambayo karatasi za kukaushia zisingeiweza.

Nayo rangi ya maji haina huruma. Weupe wa petali hauchorwi. Ni karatasi yenyewe inayoachwa wazi, kwa hiyo unapaswa kujua mwanga utakaa wapi kabla hujalowesha brashi. Unaanza na rangi nyepesi, unangoja ikauke, ndipo unaongeza nzito. Ukikosea, kufuta ni shida. Na wakati wote huo ua lililokatwa asubuhi linazidi kunyauka kwenye glasi. Jambo moja linanifurahisha kila nikilikumbuka: kinachozishika rangi hizi pamoja ni gundi ya mgunga, mti unaomea kwa wingi katika nchi kavu ya kaskazini mwa Kenya.

Nayasema haya kwa kuwa kwetu nyumbani tunachora wawili. Mume wangu hakusoma mimea, lakini ana jicho la kuhesabu. Siku moja nilikuwa nachora Gloriosa, lile ua jekundu lenye petali zilizopinda kurudi nyuma kama ndimi za moto, nikajiona nimemaliza.

"Mama Neema," akaniambia, "hapa naona tano. Ya sita iko wapi?"

Alikuwa anahesabu stameni. Ya sita ilijificha nyuma ya petali, nami nilikuwa sijaigeuza glasi. Baba Neema akaigeuza yeye, akainyanyua hadi dirishani. Ndipo nilipoelewa nini hasa mtu kama Bally angeweza kumpa mkewe: si mbinu za brashi, bali mazoea ya kuhesabu kabla ya kupendezwa.

Ndoa yao haikudumu. Mwaka 1944 Joy aliolewa na George Adamson, askari mkuu wa wanyamapori, akahamia kaskazini, kwenye nchi ya migunga hiyohiyo. Lakini kuchora maua hakukuacha, na mwaka 1947 Chama cha Kifalme cha Kilimo cha Bustani cha Uingereza kilimtunuku medali ya dhahabu ya Grenfell kwa picha zake za mimea. Baadaye serikali ya kikoloni ikampa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya katika mavazi yao ya jadi, akachora mamia. Nyingi zilichapishwa mwaka 1967. Picha hizo zina thamani, lakini mimi naziweka chini ya zile za maua. Katika maua hakuna anayeamrishwa avae nini ndipo akae achorwe.

Bally naye alishika brashi. Mwaka 1961 alichapisha kitabu chake juu ya Monadenium, mimea minene inayomea zaidi Afrika Mashariki, ambayo ua lake limezungukwa na kikombe kilichopasuka upande mmoja. Ufa ule ndio alama yake, nao ndio unaopotea mmea ukigandamizwa. Wataalamu wa sasa wameiingiza Monadenium ndani ya Euphorbia, lakini mwenye shaka juu ya umbo la kikombe bado anaweza kulitazama pichani.

Wote wawili walifariki mwaka 1980. Kama ningeombwa kuandika vibandiko vya picha za maua ya miaka ile ya Chyulu, ningeandika jina la mmea, mahali ulipochumwa, na majina mawili: la aliyeuchora na la mumewe aliyekuwa naye msafarani. Na ningeacha nafasi kwa jina la tatu, la mwenyeji aliyejua ua lile huota wapi na huchanua mwezi gani.