Mtoto mwenye sindromu ya Down na matibabu ya kupanga meno: mambo unayopaswa kujua

Makala hii ni kwa wazazi na walezi wanaoishi Rhino Camp, Imvepi na Lobule, na pia mjini Arua na Koboko.

Huenda ulimpeleka mtoto wako kwa daktari wa meno, ukaambiwa tu: "Huyu hataweza." Jibu hilo halitoshi. Sindromu ya Down peke yake si sababu ya kumnyima mtoto matibabu. Daktari anaweza kuwa na sababu nzuri ya kusubiri, lakini una haki ya kuelezwa sababu hiyo.

Meno ya watoto hawa yana tofauti gani?

Sindromu ya Down hutokea mtoto anapokuwa na kromosomu 21 ya ziada. Si laana, wala si kosa la mama. Meno ya mtoto huyu huchelewa kuota, na mengine hayaoti kabisa. Taya la juu huwa dogo, hivyo mara nyingi meno ya chini hutangulia mbele ya yale ya juu. Kutafuna na kutamka maneno huwa vigumu. Fizi nazo huugua mapema.

Kwa nini madaktari wengine husita?

Matibabu ya kupanga meno kwa nyaya huchukua miaka miwili hivi, na mgonjwa hurudi kliniki mara kwa mara. Sababu zinazotajwa sana ni hizi:

- Hofu kwamba mtoto hatatulia. Wengi hutulia wakizoeshwa polepole.
- Daktari hakufundishwa vya kutosha kuhusu wagonjwa wenye ulemavu.
- Usafi wa kinywa. Nyaya hushika chakula. Fizi zikiwa zinatoka damu, ni lazima zitibiwe kwanza.
- Moyo na shingo. Karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na tatizo la moyo, na baadhi yao huhitaji antibiotiki kabla ya kung'olewa jino. Wengine wana shingo isiyo imara, jambo ambalo daktari lazima alijue kabla ya kutoa dawa ya usingizi.

Sababu mbili za kwanza zinahusu daktari na subira yake. Mbili za mwisho zinahitaji maandalizi, na wewe unaweza kusaidia.

Sheria inasema nini?

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya Uganda ya mwaka 2020 inakataza ubaguzi katika huduma za afya. Wakimbizi hutibiwa katika vituo vya serikali kama raia.

Uanzie wapi?

1. Nenda kituo cha afya kilicho karibu nawe na uombe barua ya rufaa.
2. Ukiwa Lobule, hospitali iliyo karibu ni ya Koboko. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Arua.
3. Beba kitambulisho cha mkimbizi au hati ya familia, pamoja na karatasi zote za matibabu, hasa za moyo.
4. Mabingwa wa kupanga meno ni wachache Uganda, na wengi wako Kampala, karibu kilomita 500 kutoka Arua. Kabla ya kusafiri, uliza gharama yote na idadi ya safari.

Maswali ya kumuuliza daktari

- Ni kitu gani hasa kinazuia matibabu leo?
- Tufanye nini ili kizuizi hicho kiondoke?
- Turudi lini?
- Kama wewe huwezi, unaweza kutuandikia rufaa kwa nani?

Omba majibu yaandikwe kwenye kitabu cha mtoto.

Cha kufanya nyumbani kuanzia leo

Mpige mtoto mswaki mara mbili kwa siku kwa dawa yenye floraidi. Simama nyuma yake, kichwa chake kiegemee kifuani pako. Mzoeshe kufungua mdomo na kuhesabiwa meno. Siku ya kwanza kliniki, omba akae tu kwenye kiti na kuona vifaa. Hata kama hatawekewa nyaya kamwe, fizi zenye afya zitamsaidia kubaki na meno yake.

Ukikataliwa bila maelezo

Zungumza na msimamizi wa kituo, au piga simu ya bure ya malalamiko ya wakimbizi: 0800 323 232.