Uzito wa Bati la Kyerwa

Nchi ya Karagwe imejuana na madini tangu kale. Speke na Grant walipofika Bweranyange mwaka 1861, walimkuta Mfalme Rumanyika akitawala; na miongoni mwa vyombo vya enzi vya ufalme ule mlikuwamo nyundo na sanamu za ng'ombe zilizofuliwa kwa chuma. Baadaye, katika zama za Waingereza, bati lilichimbwa Kyerwa, sehemu iliyokuwa ya Karagwe mpaka ilipofanywa wilaya mbali mwaka 2012. Bati huuzwa kwa mizani. Lakini uzito wenyewe watoka wapi?

Jibu lake halikupatikana upesi. Kiini cha chembe ya bati kina protoni 50, pamoja na nyutroni. Mwaka 1964 Gell-Mann na Zweig, kila mmoja peke yake, walitoa rai kwamba protoni na nyutroni zimeundwa kwa vitu vidogo zaidi, ndivyo kwaki. Kilichodhaniwa kuzifunga kwaki kiliitwa gluoni, jina litokanalo na neno la Kiingereza lenye maana ya gundi. Mwaka 1973 Gross na Wilczek, na Politzer mbali nao, walidhihirisha ajabu ya kifungo hicho: kwaki zikikaribiana sana, hulegea, zikitaka kutengana, hukaza. Mbuzi hula urefu wa kamba yake: karibu na kigingi hujiendea apendavyo, akienda mbali kamba humzuia.

Ushahidi ulipatikana mwaka 1979 mjini Hamburg, Ujerumani. Katika mtambo wa PETRA elektroni ziligonganishwa na positroni, na mara nyingine, badala ya vijito viwili vya chembe, vikatoka vitatu. Kile cha tatu kilizaliwa na gluoni.

Hapo ndipo hesabu ya uzito ilipostaajabisha. Uzito wa kwaki tatu za protoni haufikii hata sehemu mbili katika mia ya uzito wa protoni nzima, na gluoni hazina uzito kabisa. Salio lote ni nishati ya mwendo wa kwaki na ya kifungo chake; na nishati, kwa kanuni aliyoitoa Einstein mwaka 1905, ndiyo uzito.

Basi mchimbaji wa Kyerwa atuapo gunia lake mizanini, karibu uzito wote usomwao pale si wa vitu vilivyofungwa, bali ni wa kule kufungwa kwenyewe. Kilichomlemea mgongoni na kinachomlipa sokoni ni kimoja.