Mpungi: Ngome Yetu Iliyosahaulika



Wapendwa, juma hili tulipanda Ugweno, na njiani tukaonyeshwa kikundi cha miti mikubwa katikati ya migomba. Ni mpungi, msitu mtakatifu wa ukoo. Humo Wapare walihifadhi mafuvu ya wahenga wao na kufanya matambiko, wala hakuna aliyethubutu kuvunja hata fimbo. Upo pia mshitu, msitu wa jando. Profesa Isaria Kimambo, katika historia ya Wapare aliyoitoa mwaka 1969, anaeleza jinsi ukoo wa Wasuya ulivyowanyang'anya Washana, wahunzi wa chuma, utawala wa Ugweno, kisha ukaifanya jando kuwa nguzo ya dola yao. Kwa hiyo miti ile haikuwa ya tambiko tu, ilikuwa serikali.

Milima yenyewe ilikuwa ngome. Katika karne ya 19, Semboja wa Mazinde alipokuwa akivamia kutafuta watumwa, usalama ulikuwa juu, mapangoni na misituni.

Kisha tukaja sisi wahubiri. Wasabato walifika Giti mwaka 1903, Walutheri nao wakaja, na Wakatoliki vilevile. Sote, kwa namna mbalimbali, tulifundisha kwamba mpungi ni upagani. Waumini wengi waliacha kuuogopa, na panga likaingia. Ajabu ni kwamba Kanisa lilikwisha kuwa na shauri jingine: mwaka 601 Papa Gregori Mkuu alimwandikia Abate Mellitus, aliyekuwa safarini kwenda Uingereza, kwamba mahekalu ya wapagani yasibomolewe. Sanamu ziondolewe, maji ya baraka yanyunyizwe, watu waendelee kukusanyika pale walipozoea. Barua hiyo tuliisoma seminarini kama historia ya Wazungu!

Leo msitu wa Chome, unaozunguka kilele cha Shengena huko Pare Kusini, unalindwa kwa sheria. Una ndege wake mdogo asiyepatikana penginepo duniani. Lakini mpungi hauna askari. Ulilindwa na hofu, nasi ndio tuliiondoa hofu hiyo bila kuweka heshima mahali pake.

Mzee aliyetuongoza alituuliza kama ni dhambi kwa Mkristo kuuacha mpungi wa babu yake usimame. Tukamjibu kwamba si dhambi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Baba Paroko, aliyembatiza baba yangu alimwambia aukate. Nusu yake aliikata."