Rada, ukaguzi na kitabu cha watu wanne

Jana kwenye semina mwenzetu kasema ukaguzi ndio unaochelewesha ununuzi wa vifaa vya ulinzi. Nikabisha, nikawatajia rada yetu.

Desemba 2001 Uingereza iliipa BAE Systems kibali cha kutuuzia rada ya pauni milioni 28, ya jeshi na ya ndege za kiraia humo humo. Clare Short, waziri wao wa misaada, alipinga akashindwa. Benki ya Dunia ikaomba wataalamu wa ICAO, shirika la usafiri wa anga, waikague. Ripoti ikatoka 2002: ghali mno, na kwa ndege za kiraia haitoshi. Sasa kibali kishatoka, nani asimame? Rada ikaja.

Kilichokwenda kinyonga ni hela kurudi. Mwaka 2010 BAE ikakiri mahakamani London kwamba haikutunza hesabu za dili lile ipasavyo. Pauni milioni 29.5 zikafika 2012, ile "chenji ya rada", za vitabu na madawati ya shule za msingi.

Mwaka wa ripoti ndo nilizaliwa. Chenji inafika niko darasa la nne Kitangari, watu wanne kitabu kimoja cha hisabati, mimi wa pembeni nasoma nusu ukurasa.