Maambukizi ya utotoni na magonjwa ya kinga kujishambulia

Magonjwa ya kinga kujishambulia ni kundi la maradhi ambamo mfumo wa kinga, ambao kazi yake ni kutambua vimelea na kuviangamiza, hushambulia seli na tishu za mwili wenyewe, hata kiungo kisicho na kimelea chochote kikavimba, kikakakamaa au kikapoteza kazi yake. Katika kundi hili wanahesabiwa wagonjwa wa kisukari aina ya kwanza, ambao seli zao za kongosho zinazotengeneza insulini zimeharibiwa. Wa lupasi, ambayo hugusa ngozi, viungo na figo. Wa maltipo sklerosisi, ambamo ala inayofunika nyuzi za neva katika ubongo na uti wa mgongo huliwa polepole. Na wa maradhi ya moyo yatokanayo na homa ya rumatiki. Urithi peke yake hauelezi maradhi haya, kwa kuwa hata pacha waliotoka katika yai moja mara nyingi huugua mmoja na mwenzake akabaki mzima, na kwa sababu hiyo watafiti wamegeukia maambukizi yanayompata mtu utotoni, wakati kinga yake ingali ikijifunza kutofautisha kilicho chake na kilicho kigeni. Walichokiona kina pande mbili: yako maambukizi yanayowasha ugonjwa wa namna hii, na yako yanayoelekea kuuzuia.

Pande zote mbili zinahusu maeneo kama Mwandoya, kata ya Wilaya ya Meatu katika Mkoa wa Simiyu, mkoa ulioundwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za Shinyanga na Mwanza na ambao makao yake makuu ni Bariadi. Ni nchi ya wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe, yenye kiangazi kirefu, ambako maji ya malambo hutumiwa na watu na mifugo, na ambako watoto wengi hulala chumba kimoja. Mtoto wa huko hukutana mapema na malaria, minyoo, kichocho, mafindofindo na virusi vya aina nyingi, na mkusanyiko huo wa maambukizi hutofautiana sana na ule wa mtoto wa Helsinki au London, ambako sehemu kubwa ya elimu ya maradhi haya iliandikwa.

Uhusiano uliothibitishwa kuliko wote ni ule wa mafindofindo na moyo. Bakteria anayeitwa streptokoka kundi A huingia kooni, hasa kwa watoto wa miaka 5 hadi 15, akaleta maumivu ya koo, homa na tezi zilizovimba shingoni, dalili ambazo huisha zenyewe kwa siku chache na ambazo wazazi wengi hawaoni sababu ya kuzipeleka zahanati. Wiki mbili au tatu baadaye, koo likiwa limekwisha kupona, baadhi ya watoto hupata homa ya rumatiki: magoti, vifundo vya miguu na viwiko huvimba na kuuma kwa kupokezana, moyo huenda mbio, na wengine hupata korea, yaani mijongeo ya mikono, uso na miguu isiyo ya hiari, ambayo shuleni huweza kudhaniwa kuwa utundu na nyumbani kuwa mapepo. Viungo hupona bila kuacha kovu, lakini valvu za moyo, yaani milango inayozuia damu isirudi ilikotoka, mara nyingi hubaki zimeharibika.

Maelezo yanayokubaliwa zaidi ni ya ufanano wa molekuli. Juu ya ganda lake bakteria huyu hubeba protini M, ambayo vipande vyake vinafanana na miosini, protini ya misuli ya moyo, na sukari mojawapo ya ukuta wake inafanana na viambato vya valvu. Kingamwili, ambazo ni protini zinazotengenezwa na seli nyeupe za damu ili zimnase mvamizi, hunasa pia tishu hizo zinazofanana naye, kisha seli T, askari wengine wa kinga, hufuata na kuendeleza uharibifu. Kila shambulio jipya la koo hurudia kazi hiyo, na ndiyo maana madhara hujilimbikiza kwa mtoto anayeugua mara nyingi. Hata hivyo, watoto walio wengi wenye mafindofindo hawapati homa ya rumatiki kamwe. Hata pale mlipuko ulipokuwa mkali miongoni mwa askari wa Marekani katikati ya karne ya 20, waliopata walikuwa takriban 3 katika kila 100 wasiotibiwa. Ni katika uchunguzi wa askari hao, kwenye kambi ya Warren jimboni Wyoming, ndipo ilipoonyeshwa kwamba penisilini ikitolewa mapema huzuia homa hiyo isitokee, na miongozo ya tiba bado inasema kwamba dawa ina faida hata ikianza siku ya tisa ya ugonjwa wa koo.

Ulaya na Amerika Kaskazini ugonjwa huu ulianza kupungua kabla ya penisilini kupatikana, makazi yalipopanuka na watu kuacha kulala kwa kubanana, jambo linaloonyesha kwamba idadi ya watoto katika chumba ina uzito wake katika historia ya maradhi ya valvu. Duniani leo zaidi ya watu milioni 40 wanaishi na moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki, wengi wao wakiwa katika nchi za kipato cha chini, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Mwanamke ambaye hakuwahi kuambiwa kuwa na tatizo lolote mara nyingi huligundua anapokuwa mjamzito, kwa sababu ujauzito huongeza kiasi cha damu ambacho moyo unapaswa kusukuma, na mlango uliosinyaa hauwezi kukipitisha.

Utambuzi wa homa yenyewe hutegemea vigezo vilivyopendekezwa mwaka 1944 na daktari Mmarekani T. Duckett Jones, vikarekebishwa mara kadhaa, na marekebisho ya mwaka 2015 yalikuwa na maana kubwa kwa Afrika kwa kuwa yalikubali kwamba mahali penye ugonjwa mwingi, kuvimba kwa kiungo kimoja tu, au maumivu ya viungo kadhaa yasiyo na uvimbe, huhesabiwa kuwa dalili kuu. Vigezo hivyo hutaja pia vipele vyekundu vyenye umbo la mviringo, alama ambayo kwenye ngozi nyeusi ni vigumu kuiona na ambayo, kwa haki, ilipaswa kupewa uzito mdogo zaidi katika vitabu vinavyofundishia wauguzi wa Afrika Mashariki. Njia ya uhakika ya kuuona moyo ni ECHO, kipimo kinachotumia mawimbi ya sauti kuonyesha jinsi valvu zinavyofunga na kufunguka. Mgonjwa wa Mwandoya anayehitaji upasuaji wa valvu hupita hospitali ya wilaya Mwanhuzi na ya rufaa ya mkoa Bariadi kabla ya kuelekezwa Bugando jijini Mwanza au Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2015. Na anayewekewa valvu ya chuma hutumia dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, akipimwa damu mara kwa mara.

Uchunguzi uliobadilisha mtazamo wa kinga ya ugonjwa huu ulifanyika kaskazini mwa Uganda. Katika eneo la Gulu, watoto na vijana 818 wenye umri wa miaka 5 hadi 17, ambao ECHO ilionyesha valvu zilizoanza kuharibika bila wao kujisikia wagonjwa, waligawanywa makundi mawili, moja likapata sindano ya benzathini penisilini kila wiki nne na jingine likafuatiliwa bila sindano. Matokeo, yaliyochapishwa na Andrea Beaton na wenzake, yalionyesha kwamba baada ya miaka miwili ugonjwa ulikuwa umeendelea kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa sindano, ikilinganishwa na asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Dawa hiyo ni ya zamani na bei yake ni ndogo. Ugumu uko katika kuipata bila kukosa kila mwezi kwa miaka mingi, katika maumivu ya sindano yenyewe, na katika kumshawishi mtoto anayecheza na kukimbia kwamba ana ugonjwa.

Streptokoka huyohuyo, akiingia kupitia ngozi iliyokwanguliwa na upele au kuumwa na wadudu, huweza kuvimbisha figo. Hapa utaratibu ni mwingine: vipande vya bakteria na kingamwili hushikamana na kunasa katika vichujio vya figo, mkojo ukawa na rangi ya kahawia na uso ukavimba. Watoto wengi hupona kabisa.

Mfano wa pili wa Tanzania una mjadala mkali zaidi. Katika milima ya Mahenge, mkoani Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norwei aliwaona, kuanzia mwisho wa miaka ya 1950, watoto wa Wapogoro ambao vichwa vyao vilikuwa vikiinama kwa kurudiarudia na ambao baadaye walipata kifafa. Ugonjwa huo wa kusinzia kichwa ulijitokeza pia Sudan Kusini na katika wilaya za Kitgum na Pader nchini Uganda, na kila mahali uliambatana na usubi, ugonjwa wa minyoo ya Onchocerca unaoenezwa na inzi weusi wa kandokando ya mito iendayo kasi. Mwaka 2017 kundi la watafiti lilitangaza kwamba baadhi ya wagonjwa wana kingamwili zinazolenga leiomodini-1, protini iliyomo katika seli za neva, na kwamba kingamwili hizo hunasa pia protini za mnyoo, hoja inayofanana na ile ya homa ya rumatiki. Chunguzi zilizofuata hazikuipata alama hiyo kwa uthabiti, na uchunguzi wa ubongo wa waliofariki uliona mrundikano wa protini iitwayo tau, kwa hiyo nadharia ya kinga bado haijasimama. Kilicho thabiti ni kwamba Uganda ilipopanua ugawaji wa ivermektini, dawa ya minyoo hiyo, na kunyunyizia mitoni dawa ya kuua inzi, wagonjwa wapya walipungua mno.

Upande wa pili wa uhusiano ulianza kuandikwa Ibadan. Mwaka 1968 Brian Greenwood, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Nigeria, alionyesha kwamba yabisi ya viungo na lupasi zilikuwa nadra wodini kuliko ilivyotarajiwa, akapendekeza kwamba maambukizi ya vimelea tangu utotoni, hasa malaria, huibadilisha kinga. Baadaye yeye na wenzake wakaonyesha kwamba panya wa ukoo unaougua maradhi haya kwa asili waliugua kidogo wakiambukizwa malaria ya panya. Mwaka 1989 David Strachan wa London, akitumia kumbukumbu za Waingereza zaidi ya 17,000 waliozaliwa mwaka 1958, aligundua kwamba mafua ya mzio yalikuwa machache kadiri mtoto alivyokuwa na ndugu wengi wakubwa, na kutokana na hapo ikazaliwa nadharia tete ya usafi. Jina hilo limepotosha wengi, maana kunawa mikono hakujawahi kuthibitishwa kuleta mzio wala kisukari. Mtafiti Graham Rook alipendekeza badala yake kutazama minyoo na bakteria walioishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, ambao ili wasifukuzwe wamejifunza kuamsha seli T dhibiti, yaani zile zinazotuliza kinga.

Kichocho ni mfano unaofaa kwa Simiyu, ambako konokono wa malambo hueneza aina ya kichocho cha mkojo. Katika maabara ya Cambridge, kundi la Anne Cooke lilionyesha mwaka 1999 kwamba panya waliokusudiwa kupata kisukari cha kinga hawakukipata walipoambukizwa kichocho au hata walipopewa mayai yake. Nchini Argentina, Jorge Correale na Mauricio Farez walifuatilia wagonjwa 12 wa maltipo sklerosisi wenye minyoo na kuona kwamba ugonjwa wao ulitulia, kisha ukarudi kwa wale waliolazimika kupewa dawa ya minyoo. Majaribio ya kuwapa wagonjwa wa utumbo mayai ya minyoo ya nguruwe, hata hivyo, yaliishia bila mafanikio. Haitoki katika matokeo haya hoja yoyote ya kuacha kugawa prazikwanteli, dawa ya kichocho, shuleni, kwa kuwa kichocho huleta upungufu wa damu, huharibu kibofu na huhusishwa na saratani yake, ilhali faida inayodaiwa imeonekana kwa panya na kwa watu wachache.

Umri wa kuambukizwa nao una uzito wake. Virusi vya Epstein-Barr, vilivyotambuliwa mwaka 1964 katika uvimbe wa taya wa watoto wa Uganda ambao Denis Burkitt alikuwa ameueleza akiwa Kampala, huwaingia karibu watoto wote wa Afrika Mashariki katika miaka ya kwanza ya maisha, mara nyingi bila dalili. Ulaya na Marekani wengi huvipata wakiwa vijana. Uchunguzi wa mwaka 2022 uliotumia damu ya askari wa Marekani zaidi ya milioni 10 ulionyesha kwamba hatari ya maltipo sklerosisi huongezeka mara 32 baada ya kuambukizwa virusi hivyo, na kati ya wagonjwa 801 mmoja tu hakuwa na alama ya maambukizi. Watoto wa wahamiaji kutoka Afrika, Karibi na Bara Hindi waliozaliwa Uingereza walionekana kuupata ugonjwa huo kwa kiwango kinachokaribia cha Waingereza wengine, tofauti na wazazi wao waliokulia kwao.

Kwa kisukari aina ya kwanza, ushahidi unaelekea kwa virusi vya enterovirusi kundi B: utafiti wa TEDDY, unaofuatilia watoto wa Marekani, Ufini, Uswidi na Ujerumani, uliona mwaka 2019 kwamba maambukizi yanayodumu muda mrefu hutangulia kingamwili dhidi ya kongosho. Huko Dar es Salaam, uchunguzi wa miaka kumi uliochapishwa mwaka 1993 ulikadiria wagonjwa wapya 1.5 kwa mwaka kati ya vijana 100,000, kiwango kidogo sana mbele ya cha Ufini, ambacho kimezidi 50 kwa watoto. Baadhi ya pengo hilo ni la vipimo, kwa kuwa mtoto anayefika zahanati amezimia kwa sukari huweza kuzikwa akiandikiwa malaria. Na hata wanaofikia insulini hawana wote ugonjwa mmoja, kwani utafiti wa mwaka 2025 uliohusisha Cameroon, Uganda na Afrika Kusini ulikuta kwamba karibu theluthi mbili ya vijana waliotibiwa kama wagonjwa wa aina ya kwanza hawakuwa na kingamwili zozote dhidi ya kongosho.